Dansi Lililopigwa Zamda Akiwa Edani

Zamda binti Mfaume alikuwa mshonaji wa Ng'ambo, Tabora. Cherehani yake ilikaa barazani, upande wa kivuli, na kutoka hapo aliwaona wote waliokwenda sokoni, nao wakamwona. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mji ulikuwa na bendi zake, na kila bendi ilikuwa na akina mama wake, wanawake waliovaa sare moja, wakaingia ukumbini kwa pamoja, wakafungua dansi. Bendi ya Zamda ilikuwa Kazeh Jazz. Yeye ndiye aliyeshona mashati ya wapigaji na magauni ya wenzake, na ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Hakuchaguliwa kwa uzuri wala kwa maneno. Akisema nguo zitakuwa tayari Ijumaa, zilikuwa tayari Ijumaa, na kucheza alijua. Alicheza taratibu, uso umetulia, kama mtu anayesikiliza habari.

Mumewe, Nassibu, alikuwa seremala mwenye goti bovu. Kwenye dansi hakwenda, lakini hakumzuia mkewe. "Nenda," alikuwa akimwambia, "ila uniletee habari." Zamda akirudi alimkuta ameketi, akamweleza nani alikuja, nani alivaa nini, gita lilipiga vipi, nani alimkanyaga nani. Nassibu alisikiliza yote mpaka mwisho. Kuna majirani waliosema ndoa ile ilidumu kwa masimulizi.

Mwezi wa tano mwaka 1966 Nassibu aliumwa tumbo. Siku chache baadaye akafariki. Walikuwa hawajapata mtoto.

Zamda akakaa eda, kama inavyompasa mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume. Miezi minne na siku kumi hatoki bila dharura, hajipaki manukato wala hina, havai la kupendeza. Shangazi yake, Mwanamkuu, alihamia pale kumwangalia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa sala, ambaye mambo ya ukumbini aliyaita kelele. Cherehani ikaingizwa chumba cha uani, na wateja wakawa wanaleta vitambaa kupitia kwa shangazi.

Chumba hicho cha uani kilipeana mgongo na ukumbi wa mtaa. Kati yake palikuwa na ukuta wa matofali mabichi na kichochoro ambacho hata mbuzi alipita kwa ubavu.

Mwezi wa sita aliingia Sikuzani, rafiki yake tangu madrasa, mcheshi ambaye hakuweza kuficha neno. Siku hiyo alikuwa na neno na akajaribu kulificha. Alizungumzia mchele, akazungumzia homa ya mtoto wa jirani, akanyamaza.

"Sema," Zamda akamwambia.

"Mwambao Jazz wanakuja."

Mwambao Jazz ilikuwa bendi ya Dar es Salaam. Watu wa Tabora waliisikia redioni tu, ikija na kupotea kwa upepo. Sikuzani akaeleza kwamba wangekuja kwa treni, wapige Saba Saba, jua likiwa bado juu, katika ukumbi uleule, wao upande huu na Kazeh upande ule, wapokezane nyimbo mpaka ijulikane nani zaidi. Sare ya akina mama ingekuwa ya kijani. Nani aishone, hawakujua.

"Leteni kitambaa," Zamda akasema.

"Na wewe tukupimie?"

"Mkinipimia mimi mtampunguzia mwingine."

Akashona magauni yote. Mwanamkuu alikaa kando yake akichambua maharage, akatazama yale magauni yakiongezeka kitandani. Lililokuwa jepesi kuliko yote lilikuwa la Sikuzani, kwa sababu alitaka mikono mifupi, na Mwanamkuu alilinyanyua kwa vidole viwili, akaliweka tena.

Siku yenyewe ilianza na gwaride na hotuba. Baada ya sala ya alasiri watu wakaanza kujaa ukumbini. Zamda alikuwa amekunja mkeka wa kusalia, ameketi chini akiegemea ukuta ule wa nyuma. Vyombo vilipoanza kujaribiwa, gita moja likilia na kunyamaza, alimgeukia shangazi yake.

"Shangazi, nikisikiliza nakosea?"

Mwanamkuu naye akakunja mkeka wake.

"Eda inakataza kutoka na kujipamba," akasema. "Masikio Mungu hakuyawekea mlango."

Wakasikia. Kazeh walianza, na Zamda alijua kila mtu mahali alipo: mpiga besi karibu na dirisha, mpiga dramu nyuma, akina mama wakizunguka kwa viatu vyao, na kati ya viatu hivyo, vile vya Sikuzani, vilivyochelewa siku zote. Kisha Mwambao wakapokea. Hao hakuwajua. Magita yao yalikuwa makali na safi, na juu yake tarumbeta moja iliyoingia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayebisha hodi huku ameshafungua mlango. Watu walipiga kelele mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye ukuta.

Walipokezana hivyo kwa nyimbo kadhaa. Halafu sauti ikakatika ghafla. Magita yalizimika, kipaza sauti kikazimika, na yakabaki maguno ya watu. Mmoja akaita fundi. Mwingine akasema kwa sauti kubwa kwamba amplifaya imeungua. Zamda alisikia miguu ya watu ikianza kuelekea mlangoni.

Ndipo tarumbeta ikalia peke yake.

Haikupiga wimbo wa Dar es Salaam. Ilipiga "Minza," wimbo wa Kazeh, wimbo wa wenyeji, wa mwanamume anayemwomba mkewe arudi kwa sababu mahindi yameiva na hakuna wa kuyavuna naye. Kila mtu wa Tabora aliujua. Lakini mgeni yule aliupiga polepole kuliko ilivyozoeleka, na katikati, pale ambapo Kazeh hushuka, yeye akapandisha. Mpiga dramu wa Kazeh akamfuata. Kisha watu wakaanza kuimba, wote, bila kipaza sauti, na tarumbeta ikawa inatembea juu yao. Walirudia wimbo ule mara nyingi. Zamda alikuwa ameweka kiganja ukutani. Alipogeuka akamwona shangazi yake naye amesogea, sikio liko kwenye tofali, macho amefumba.

Hakuna aliyesema nani alishinda. Ukumbi ulitoka nje wote, ukambeba yule mgeni mabegani hadi barabarani. Zamda alisikia kelele zikizunguka nyumba, zikipita mbele ya baraza yake, zikienda upande wa stesheni.

Mwanamkuu akafumbua macho. "Haya," akasema, "tuweke maji ya magharibi."

*

Kesho yake Sikuzani alikuja na gauni limechanika kwapani. Alisimulia kwa mikono na miguu. Alipofika kwenye tarumbeta alisema mpigaji alipanda juu ya meza. Mwingine aliyekuja baadaye alisema alipanda dirishani. Jirani, mzee wa kuuza chumvi, alisema hakupanda popote, alikuwa amepiga magoti. Zamda alimuuliza kila aliyekuja, mtu yule yukoje. Mrefu, walisema. Mfupi. Mweusi sana. Wa kawaida. Alivaa kofia. Wengi, ukiwabana, walikuwa wamemwona mgongo.

Alizoea yeye kuwa mleta habari. Sasa alikuwa mpokeaji, na aliona tabu ya kazi ile ambayo Nassibu aliifanya kwa miaka.

Kazeh Jazz haikudumu. Mpiga besi alipata kazi Mwanza, mpiga gita akamfuata ndugu yake Kigoma, na dramu zikawekwa kwa mtu aliyezianikia nguo. "Minza" haikupata kurekodiwa, wala na Kazeh wala na mgeni yule. Hapo ndipo sifa ya dansi lile ilipoanza kukua. Kitu kinachoweza kusikilizwa tena watu hukisikiliza, wakakosoa. Kile hakikuweza kusikilizwa. Vijana waliokuwa wadogo mwaka 1966 wakawa wanasema wangetoa chochote waingie ukumbi ule alasiri ile. Waliokuwa watu wazima wote wakawa wanadai walikuwepo. Ukumbi ule ulikuwa mdogo, lakini kwa masimulizi ya mji ulimeza wilaya nzima, na miongoni mwao kuna watu ambao Zamda alijua kabisa siku ile walikuwa Urambo.

Yeye mwenyewe akiulizwa alisema, "Nilikuwa eda," na mazungumzo yakahamia kwa mwingine.

Lakini jioni akiwa peke yake alikuwa nalo. Akikaa kimya, akiweka mgongo ukutani, aliweza kulisikia tangu gita la kwanza la kujaribu hadi kelele za stesheni, pamoja na pumzi ya shangazi yake. Alimwambia Sikuzani siku moja kwamba anatamani kitu kimoja tu, kuliona. Kulisikia anaweza.

*

Mwaka 1969 aliolewa na Shilinde, mkulima wa tumbaku kutoka Usinge, mgane mwenye watoto waliokwisha kujitegemea. Shilinde alisilimishwa utotoni kwa mjomba wake na kupewa jina la Mussa, ambalo hakuna aliyelitumia. Alikuja Ng'ambo kushonesha suruali, akarudi kusema ni ndefu, akarudi tena kusema sasa ni fupi. Mara ya tatu Mwanamkuu alimuuliza kama suruali ndiyo inayomleta.

Zamda akapanda treni na cherehani yake, akashuka stesheni ya Usinge, akaanza maisha ya kuamka kabla ya jua na kunawa mikono isiyotakata. Tumbaku huacha utomvu mweusi kwenye vidole. Alijifunza Kinyamwezi cha shambani, ambacho hakikufanana sana na kile cha mjini cha kusalimiana. Shilinde alikuwa mtu mwema asiye na maneno mengi. Zamda aliwahi kumsimulia juu ya dansi la Saba Saba, lote, na alipomaliza akamuuliza, "Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Mwezi wa saba? Nilikuwa nafunga marobota," Shilinde akasema, na hilo likaisha.

Mwaka 1974 ikaja amri ya vijiji. Waliokuwa wakikaa mmoja mmoja kando ya msitu waliambiwa wahamie karibu na barabara, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikitazamana. Shilinde alivunja paa lake mwenyewe, akabeba miti iliyofaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na cherehani ikawekwa juu kabisa, imefungwa kwa shuka. Walijenga wakiwa wanalala nje. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Damas, mwalimu wa zamani, Mkatoliki, mtu wa haki na wa haraka, ambaye alipenda kila jambo lifanyike kabla ya kuelezwa.

Bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, lilikuwa la kijiji chote, na moto wake ulilindwa na mtu aliyehamia kutoka upande wa stesheni pamoja na binti yake Tekla. Alikuwa mtu mfupi, amevaa koti hata jua kali, meno ya mbele hana. Hakuzungumza na watu sana. Zamda alimwona kila siku alipokwenda na wanawake wenzake kufunga majani kwenye fito, wakasalimiana tu.

Alasiri moja, mwaka mmoja hivi baada ya kuhamia, wenzake walikuwa wameondoka, naye alibaki kumalizia fito zake. Yule mtu alikuwa akisukuma kuni motoni, akipiga mluzi. Mluzi ulikuwa mbovu, upepo ukimponyoka penye pengo. Zamda alisikiliza kwa muda kabla hajatambua kwamba anasikiliza. Ilikuwa "Minza," polepole. Ilipofika katikati ikapanda.

"Kaka," akasema, "wimbo huo umeutoa wapi?"

"Tabora."

"Wa Tabora haupandi pale. Wa Tabora unashuka."

Yule mtu akaacha kuni. Akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama mfungaji majani.

"Pale nilipandisha mimi," akasema.

Zamda aliweka fito chini. Alisema baadaye kwamba jambo lililomshinda kuamini halikuwa lile la kumkuta pale, bali ule ufupi wake. Kwa miaka yote, kichwani mwake, mtu wa tarumbeta alikuwa mrefu.

Jina lake lilikuwa Ambrosi. Alizaliwa upande wa Sikonge, akabatizwa Katoliki, lakini tarumbeta alijifunza kwa Wamoravian wa jirani, ambao kanisa lao lilikuwa na bendi ya matarumbeta na halikumuuliza mtoto dhehebu. Kutoka hapo Dar es Salaam, Mwambao Jazz, na miji yote ya reli.

"Mimi nilikuwepo siku ile," Zamda akasema. "Sikuwepo ndani. Nilikuwa nyuma ya ukuta, eda ya mume wangu."

"Pole."

"Ilikuwa zamani. Nilisikia yote. Nataka kujua ilikuwaje."

Ambrosi akaketi juu ya gogo. Hakuonekana kufurahi kuulizwa, wala kukasirika.

"Ilikuwa joto," akasema. "Amplifaya iliungua, mkuu wa bendi alikuwa anagombana na fundi, na mimi niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Watu. Walikuwa wameanza kusukumana mlangoni. Niliona mama mmoja na gauni la kijani anaanguka. Nikasema, nikipiga kitu wanachokijua watasimama. Nilikuwa najua wimbo mmoja tu wa huku."

"Na kule kupandisha?"

"Nilisahau unavyoshuka."

Moto ulikuwa unahitaji kuni, na Ambrosi akainuka kuuongeza, akarudi.

"Nikwambie kweli, dada," akasema. "Siku ile siipendi. Mdomo ulipasuka, haukupona vizuri. Na tangu siku ile, kila tulikokwenda, Dodoma, Morogoro, popote, watu wakawa wanasema zimeni magita, apige kama Tabora. Nikapiga kama Tabora mpaka bendi yenyewe ikanichoka. Meno yalipoanza kutoka nikawa sina kazi."

"Watu wengi wangetamani wairudie siku ile."

"Waende wao."

"Wewe usingerudi?"

"Mimi ningerudi Lusu."

Zamda hakujua Lusu kulikuwa na nini. Ambrosi akaeleza kwamba mwaka mmoja, wakienda Mwanza kwa lori, mvua iliwakamata kule Nzega, lori likazama kwenye matope. Wakaingia kwenye ghala la pamba la Lusu pamoja na wakulima waliokimbia mvua. Hakukuwa na umeme wala kiingilio. Wakapiga kwa sababu mvua haikukatika. Wale wakulima rumba hawakuijua, wakacheza wanavyojua wao, na bendi ikawafuata wao badala ya wao kuifuata bendi. Bibi mmoja alilala juu ya marobota, usingizi mzito, muziki ukiwa kichwani pake.

"Nani aliyekuwepo?" Zamda akauliza.

"Watu wa Lusu. Sidhani kama wanakumbuka. Walikuwa wanangoja mvua."

Zamda alirudi nyumbani akiwa na kitu kama kinyongo. Shilinde alimuuliza ana nini. Akamweleza. Shilinde alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha.

"Basi yeye ana siku yake, na wewe una yako," akasema.

"Lakini yangu ni yake. Ndiye aliyeipiga."

Shilinde akanawa mikono.

*

Saba Saba ya mwaka 1976 kijiji kilitarajia mgeni kutoka mkoani. Damas alikuwa ameshapata habari kwamba mlinda moto wa bani alipata kuwa mpigaji maarufu, maana Zamda alimweleza mke wa Damas. Akamwendea Ambrosi na kumwambia atapiga tarumbeta mbele ya mgeni. Ambrosi akasema hana tarumbeta. Damas akaazima moja kwa Wamoravian wa Kaliua, ikaja na treni, imefungwa kwenye gunia. Ambrosi akasema hana meno. Damas akaona hilo ni kisingizio, akamtuma Zamda.

Zamda alikwenda na gunia. Alimkuta Ambrosi mlangoni kwake, Tekla akimkata nywele.

"Mwenyekiti amenituma," akasema.

"Najua."

"Anataka upige siku ya mgeni."

"Na wewe?"

Zamda angeweza kusema lolote. Alisema, "Mimi nataka nikuone unapiga. Mgeni simjui."

Tekla aliacha mkasi. Ambrosi akapangusa shingo kwa kiganja.

"Basi nitakuja kwenu," akasema. "Uwanjani siendi."

Alikuja alasiri ya siku iliyofuata, koti amelifunga vifungo vyote. Shilinde alitoa kigoda. Ambrosi hakukalia. Alisimama katikati ya ua, kati ya kinu na kamba ya nguo, akailowesha midomo, akaijaribu tarumbeta kwa muda mrefu, sauti zikitoka zimevunjika kama za mtu anayesafisha koo. Tekla alikuwa amesimama kando na hakumtazama.

Kisha akapiga "Minza."

Ilikuwa dhaifu. Sauti za juu hazikutoka, akazipitia chini. Upepo ulimponyoka penye pengo, ukatoa mluzi wa pili kando ya wimbo. Zamda aliketi mkekani, akatazama. Aliona kwamba mtu huyu akitafuta sauti ya juu hujiinua kwenye ncha za vidole vya miguu, na kwamba jicho lake la kushoto hufumba. Aliona mshipa wa shingo. Hakuwahi kufikiri kwamba kupiga kulikuwa na kazi yote hiyo. Ilipofika katikati Ambrosi hakupandisha. Alishuka, kama walivyoshuka Kazeh zamani, labda kwa sababu kushuka ni rahisi. Akapiga mara moja zaidi nusu ya wimbo, akaondoa tarumbeta mdomoni, akaipangusa kwa mkono wa koti. Kwenye mkono palibaki alama ndogo ya damu.

"Ndiyo hivyo," akasema.

"Ahsante, kaka," Zamda akasema. Shilinde naye akashukuru, akamletea maji ya kunywa. Wakazungumza juu ya tumbaku, kwamba mwaka ule majani yalikuwa membamba. Ambrosi aliondoka jua halijashuka.

Siku ya Saba Saba hakutokea uwanjani. Mgeni wa mkoani aliimbiwa na kwaya ya shule na kuchezewa ngoma, akaridhika, akala, akaondoka. Damas alikasirika kwa wiki moja, akairudisha tarumbeta Kaliua, kisha akawa na mengine ya kumkasirisha.

Zamda aligundua lililompata siku kadhaa baadaye. Alikuwa ameketi kama alivyozoea, mgongo ukutani, kazi imekwisha, akajaribu kulisikia dansi la Ng'ambo. Gita la kujaribu lilikuja. Viatu vya akina mama vilikuja, kwa mbali. Lakini ilipofika zamu ya tarumbeta, ikaja ile ya uani, yenye mluzi kando, na mtu mfupi juu ya ncha za vidole. Alijaribu tena kesho yake. Akajaribu kwa wiki kadhaa, mahali mbalimbali, hata akaenda kuegemea ukuta wa bani. Ile ya kwanza haikurudi. Alikumbuka kwamba ilikuwepo, na kwamba ilikuwa kubwa, kama mtu anavyokumbuka kwamba aliwahi kuwa na homa.

Alimwambia Shilinde.

"Ungejua usingemwita?" Shilinde akauliza.

Alilifikiria swali lile kwa uaminifu. "Ningemwita," akasema. "Nilitaka kumwona." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini ningengoja kwanza mwaka mmoja."

Hakulaumu mtu. Alipomsimulia Sikuzani, aliyekuja kumtembelea kwa treni mwaka uliofuata, Sikuzani ndiye aliyelia, na Zamda ndiye aliyemtafutia kitambaa.

Ambrosi naye hakukaa. Tekla aliolewa Sikonge, na mumewe akamkaribisha baba mkwe akae nao. Waliondoka na lori lililochukua tumbaku, marobota nyuma na wao mbele na dereva. Zamda alipeleka kuku wawili, miguu imefungwa. Ambrosi akawapokea, akawaweka miguuni pake.

"Ukipita Nzega," Zamda akamwambia, "shuka Lusu uwasalimie."

"Lori hili halipiti Nzega."

"Siku nyingine, basi."

"Siku nyingine," Ambrosi akakubali. Lori likawashwa, na wanawake waliokuwa wamesimama wakarudi nyuma kukwepa moshi.

Moto wa bani ukapewa mtu mwingine, ambaye hakupiga mluzi. Msimu ule majani yalikuwa mazuri. Duka la ushirika la kijiji lilipata redio yake, ikawekwa dirishani ikitazama nje, na Jumapili alasiri wenye nafasi walikwenda kukaa hapo. Zamda alikwenda pia, akiwa na nguo ya mtu ya kushonea pindo kwa mkono. Siku moja kulipigwa wimbo mpya wa bendi moja ya Dar es Salaam. Alimwomba muuzaji aongeze sauti kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama, kisha akauliza bendi ile inaitwaje. Akaambiwa. Akaendelea kushona.